Siham wa Shaba

Haya yalimkuta rafiki yangu Miska, anayetunza wazee kule Wembley. Mmoja wa wazee wake, Mzee Hussam, alikuwa mchongaji kutoka Iraki. Kwa miaka mingi alichonga sura moja tu, ya bintiye Siham, mtoto mdogo aliyempoteza vitani, kwanza kwa mti, kisha kwa shaba.

Akiwa hoi hospitali, alimshika Miska mkono. "Mwanangu, niletee Siham wa mti. Nisife peke yangu."

Miska akaenda kwenye karakana ya mzee. Ilikuwa jioni ya Desemba, giza limeshaingia, na taa hazikuwaka. Aliipata sanamu ya mti, akaikumbatia. Ndipo aliposikia mtoto analia ndani ya ile ya shaba.

Akampigia mzee simu. "Baba, kuna mtoto humu."

"Nawe umemsikia," mzee akasema. "Mfungulie, nakuomba. Mimi nimeshindwa miaka yote."

Miska akatafuta mwanya, akaiparura shaba mpaka kucha zikamvunjika. Kilio kikanyamaza. Kisha, kutoka ndani, vidole vidogo vikaanza kupapasa pale pale alipoweka kiganja chake.