Lango Lililobaki Wazi

Injini ya boti ilikohoa, ikanyamaza. Mhandisi alikuwa akipima kina, aone jinsi mchanga ulivyoliwa mbele ya ukuta wa bahari aliousimamia mwenyewe. Alipoinua kichwa, mawingu yalikuwa yameshauficha mji.

"Mafuta yameingia maji," alisema mdogo wake, mwendesha boti.

Ndipo mhandisi alipopapasa mkoba wake. Mpini wa kuzungushia lango la mfereji ulikuwamo. Lango hilo ndilo tundu pekee ukutani. Hutoa maji ya mvua mtaani, na bahari ikijaa lazima lifungwe. Wauza vyuma chakavu walikuwa wameiba mipini miwili, basi akawa anatembea na huu uliobaki kama bibi na pochi yake. Mafundi walimcheka. Alisema ataagiza mpini wa akiba, akaahirisha. Asubuhi aliliacha lango wazi, akiamini atarudi mapema. Nyumba ya kwanza nyuma ya lango ilikuwa ya mama yao.

Dhoruba iliwashukia. Wimbi lilimbamiza mwendesha boti kwenye injini, likampasua kipaji cha uso. Dada yake alichana mkono wa shati, akamfunga.

"Nchi kavu iko wapi?"

"Sijui, dada. Shika kopo, chota maji tusizame."

"Mama yuko peke yake."

"Najua. Chota."

Walichota mpaka viganja vikachubuka. Maji ya kunywa yalibaki funda moja. Kila mmoja alijifanya hana kiu, mwishowe chupa ikachukuliwa na wimbi.

Upepo ulipotulia waliona sufuria inaelea, kisha godoro, kisha viatu vya shule. Vilitoka upande mmoja. Wakajua nchi kavu iko huko, wakapiga makasia kuelekea huko huku wakilia.

Jirani wa mama yao aliwavuta kutoka majini. Alikuwa na tope hadi kifuani, na hakuwatazama usoni.

"Mama?" aliuliza mhandisi.

"Sote tulipanda ghorofani. Yeye tulimvuta mkono, akagoma. Alisema tunajisumbua bure, lango limeshafungwa, binti yake hawezi kusahau."

Mhandisi aliketi kwenye tope. Mdogo wake alichuchumaa kando yake, akataka kumwambia si kosa lake. Badala yake akamfuta tope mikononi.