Mlinzi wa Godauni la Baba Dogo

Probox nyeupe ilikata kona Kariobangi, ikaparua kibanda cha mitumba na kushika njia ya Baba Dogo. Ndinda aliiandama kwa pikipiki, meno ameyauma kwa hasira.

Ndani ya gari hilo alikuwamo Mwalimu Nyamai.

Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kompyuta kule Lucky Summer, kwa kutumia Chipukizi, mfumo mdogo alioutunga mwenyewe ili kuendesha kompyuta kuukuu za shule. Ruhusa ya kuutumia ilikuwa wazi: nakili, jifunze, mpe mwenzako; usiufunge wala usiuuze. Sasa kampuni moja ya ng'ambo ilitaka kuumiliki na kuwafungia watoto wote nje. Aliyejitolea kumbana mzee mpaka atie sahihi alikuwa Muriuki.

Muriuki, aliyekaa na Ndinda dawati moja. Mshenzi asiye na haya.

Probox ikamezwa na godauni. Geti la chuma likajifunga. Ndinda alijibanza nyuma ya vyuma chakavu, kamera ya getini ikizunguka juu yake.

"Kituo, naingia," alisema redioni.

"Usiguse geti," Munyoki, mkuu wake wa polisi, alijibu. "King'ora kikilia, wanammaliza mzee."

Ndinda alitukana kimoyomoyo. Akafungua kompyuta yake, akanasa mawimbi ya geti. Kwenye skrini ukachomoza mche wa kijani, nembo aliyoijua tangu shuleni.

Chipukizi! Mwizi alikuwa ameiba hata mlinzi wa geti lake.

Chini ya mche yalikuwapo maneno ambayo mwalimu aliyaweka katika kila nakala, na ambayo Muriuki hakuwahi kujisumbua kuyasoma: *Huu ni mfumo wa kujifunzia. Hufanya kazi moja tu kwa wakati mmoja. Usiutumie kulinda mali wala uhai.*

Kinasa sauti alichokuwa amekificha kwenye koti la mzee tangu vitisho vya kampuni vianze kikaleta sauti sikioni mwake. Mwalimu alikuwa akilalamika kwamba macho yake hayawezi skrini; kama wanataka sahihi, wamchapishie mkataba mzima asome. Muriuki alisonya, akabonyeza.

Printa ikaanza kukoroma.

Kamera ikasimama. Kufuli la geti, lililoshikiliwa na mfumo huohuo, likalegea.

Mzee alikuwa ameuona ule mche kabla ya Ndinda.

Ndinda aliingia mbio, bastola ya Glock mkononi. Mlinzi wa kwanza alikula teke la goti. Wa pili alitupa bunduki mwenyewe.

"Niaje, Muriuki."

Muriuki aliitazama skrini, akamtazama yeye. "King'ora kimeenda wapi?"

"Kinangoja printa imalize. Ungesoma masharti ya Mwalimu."

Alimfunga pingu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kisha akazinyakua kurasa za mkataba zilizokwisha kutoka na kuzirarua. Alipookota mezani diski ya Chipukizi aivunje, Mwalimu alimshika mkono.

"Mwachie nakala yake, mwanangu. Ruhusa ni ya kila mtu. Hata yeye."

Ndinda aliishikilia diski. Lakini neno la Mwalimu lilikuwa neno la Mwalimu. Akaitumbukiza diski katika mfuko wa shati la Muriuki, akaupigapiga.

"Huko ndani utapata wakati wa kusoma."

Askari wenzake walipoingia kumchukua Muriuki, akamshika mzee mkono, wakatoka polepole, printa bado ikichapa.