Goti Lililouma Jumamosi Tu

Nina miaka arobaini na sita, nina mke na binti mmoja, naishi Northfield hapa Birmingham. Wasomaji wenzangu mnaopenda kochi la sebuleni kuliko binadamu, kaeni vizuri... hii inawahusu!

Nilikuwa kocha katika chuo kimoja cha hapa. Majira ya baridi nafundisha kandanda, kiangazi nafundisha besiboli, ambayo nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Miaka saba! Mazoezini sikukosa hata siku moja, maana uwanja ulikuwa dakika tano kutoka mlangoni kwangu.

Shida ilikuwa mechi za ugenini. Saa mbili ndani ya basi, upepo, mvua isiyokatika... mimi na safari wapi na wapi? Nikaanza kuumwa goti.

Mke wangu ni nesi. Aliliangalia lile goti, akacheka. "Baba Njeri, mbona hili linauma Jumamosi tu?"

Nikawa namtuma Musyoka, msaidizi wangu, ambaye nilimtoa mwenyewe kwenye kazi ya kubeba mizigo katika maghala ya mtaa wa Nechells. Wakati wa mapumziko ananipigia simu: "Kocha, tumefungwa moja, nifanyeje?" Namwelekeza, wanashinda, naongeza chai.

Mnadhani nilistarehe? Thubutu! Nilitembea jikoni hadi sebuleni, sebuleni hadi jikoni, nachungulia dirishani kana kwamba mechi iko kwa jirani. Halafu simu zikaanza kupungua... Siku ya fainali ya besiboli hakupiga kabisa. Nikapiga mimi, mara kumi na moja. Amezima! Kwamba tumechukua kombe, niliambiwa Jumatatu na mfagizi.

Mwaka huo akaja mkuu mpya wa chuo. Makocha wawili ni wengi, akasema, abaki mmoja. Akatuita ukumbini, penye picha za makombe yetu yote. Akaniuliza kwa upole: wewe uko wapi hapa?

Nikaangalia picha ya kwanza, ya pili, ya tano... Musyoka, Musyoka, Musyoka! Fainali zote zilichezwa ugenini.

"Nilikuwa kwenye simu," nikasema.

Nikamgeukia Musyoka. Angesema tu kwamba mbinu zilikuwa zangu, ningepona. Akainama akatazama viatu vyake... vile nilivyomnunulia mimi!

Tulipotoka nje akanishika bega. "Pole, Kocha. Lakini mvua ilininyeshea mimi."

Ndugu zangu, nililia. Nililia zaidi kwa sababu hakusema uongo.

Siku hizi, Jumamosi, utanikuta ugenini nyuma ya uzio, nimelowa chapachapa, nawatazama vijana wangu wakicheza mbinu zangu chini ya mtu mwingine. Inanisaidia nini sasa? Nawasihi, kitu unachokipenda kifuate kwa miguu yako mwenyewe, usimtume mtu!

Na goti? Tangu siku ile ya ukumbini, halijauma hata mara moja.