Biswas Wawili

Kila siku saa saba na nusu mchana basi la shule lilimshusha Sabra mbele ya jengo lao pale Ferij Bin Mahmoud, na kila siku aliingia mbio, maana jua la Doha la mwezi wa tano halimhurumii mtu. Ndani, kwenye ubaridi wa kiyoyozi, alimkuta Mannan ameketi kwenye kiti chake cha plastiki kando ya lifti.

Mannan alikuwa haris. Ndivyo watu wa Doha wanavyomwita mlinzi wa jengo, ingawa kulinda ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Yeye ndiye aliyefagia ngazi, akapokea mitungi ya gesi na kumwita fundi lifti ilipogoma. Siku moja fundi alipochelewa, Mannan alimbebea mama yake Sabra gunia la mchele mpaka ghorofa ya nne, na hakukubali hata glasi ya maji. Kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake kilionyesha jina lake lote: Abdul Mannan Biswas. Kwao ni Bangladesh, katika wilaya ya Kushtia, na huko alikuwa na binti wa rika la Sabra aliyeanza sekondari mwaka ule wa 2012.

Sabra mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mtoto mzuri, hilo nalisema mapema ili msije mkamchukia. Alisoma kwa bidii, aliwaheshimu wakubwa, na alimsaidia mama yake bila kusukumwa. Ila alikuwa na kasoro moja: neno "sijui" lilikuwa halipiti kooni mwake. Ukimuuliza saa, atakutajia, kisha atakueleza na saa yenyewe imetengenezwa nchi gani, hata kama ndiyo kwanza anaiona!

Jumatano moja aliporudi shule hakumkuta Mannan kwenye kiti. Alimkuta Maurice, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa msimamizi wa majengo ya kampuni iliyomwajiri Mannan. Maurice alikuja kila baada ya wiki mbili kukagua, akiwa na daftari kwapani.

"Shikamoo, Anko Maurice."

"Marahaba, Sabra. Hebu kuja kidogo nikuulize kitu. Huyu jamaa wa kupiga pasi hapo kwa dobi, yule mwembamba, huwa anafanya nini kwa chumba ya haris? Naambiwa kila siku anaingia hapo."

Kusema kweli, Sabra hakujua. Alikuwa amemwona Gopal, mpiga pasi wa duka la dobi la chini, akiingia chumbani kwa Mannan mchana na bakuli mkononi. Alikuwa amewasikia wakiitana "bhai", neno ambalo watoto wote wa jengo walijua maana yake ni kaka. Na kwenye beji ya Gopal alikuwa amesoma jina: Gopal Biswas. Basi akafanya hesabu yake haraka haraka kichwani, na akaona imekubali.

"Yule ni mdogo wake," alisema.

"Una hakika?"

"Hakika kabisa, anko. Wote ni Biswas. Babu yao mmoja."

Maurice alikunja uso. "Kumbe! Na anakaa hapo? Analala?"

Hapa Sabra angeweza kunyamaza. Mlango wa lifti ulikuwa wazi, ungemchukua akaenda zake. Lakini mtu mzima mwenye daftari alikuwa anamtazama, anamsubiri yeye, na Sabra aliipenda hali ile kupita kiasi.

"Eeh, analala. Anaishi naye kabisa."

Maurice akaandika. "Na huyu mzee aliniapia hana mtu yeyote," alinung'unika, akafunga daftari. Mwaka uliopita, katika jengo jingine, haris mmoja alikuwa amewaweka watu sita kwenye chumba chake kidogo, jiko likashika moto, na ilikuwa bahati tu kwamba hakufa mtu. Tangu hapo kampuni ilikuwa haina mchezo. Haris akimlaza mtu chumbani, anafutwa kazi na kurudishwa kwao. Sabra hakuyajua hayo. Alipanda juu akiimba.

Kesho yake alimkuta Mannan amepiga magoti sakafuni, anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi la kamba. Hakumwangalia Sabra. Sabra alipoingia nyumbani, mama yake, Bi Time, alikuwa jikoni anakatakata mchicha kwa hasira, kisu kinalia kwenye ubao.

"Umesikia ya Mannan? Wanamrudisha kwao! Eti amemficha ndugu yake chumbani. Jumapili asubuhi, ofisi zikifunguliwa, mkubwa wa kampuni anasaini barua, basi, imekwisha. Miaka minane mtu anafagia ngazi za watu. Na yule binti yake atasomeshwa na nani sasa?"

Alitaka kusema, mdomo ukagoma. Akajiambia labda kuna mambo mengine, labda si kwa sababu yake. Lakini moyoni alijua vizuri sana ni kwa sababu ya nani.

Ijumaa, baba yake, Bwana Athumani, alirudi kutoka msikitini na njaa yake. Alikuwa msimamizi wa madereva katika hoteli moja, na Ijumaa ndiyo siku pekee aliyokula na familia bila simu kumwita. Mama akapakua pilau. Sabra akaitazama.

"Leo pilau imemkosea nini binti yangu?" baba alitania. "Au huko shuleni mmefundishwa kwamba haina vitamini?"

Sabra akaangua kilio. Alilia mpaka akakwama, na katikati ya kwikwi akayatoa yote: Maurice, daftari, mdogo wake, babu mmoja, analala.

Mama akaweka sahani yake chini mkekani.

"Nani alikwambia ni ndugu?" mama aliuliza.

"Jina, mama. Mimi ni Sabra Athumani Zuberi. Zuleikha wa ba'mkubwa ni Zuleikha Abdulrahman Zuberi. Babu yetu ni Zuberi, ndiyo maana sisi ni ndugu. Na wale wote ni Biswas. Tena wanaitana bhai!"

"Mimi naitwa kaka na soko zima la mboga," alisema baba, na sasa hakuwa anatania. "Wote wale wamezaliwa na mama yangu? Haya, tuseme jina lilikupoteza. Na kulala? Hilo nalo ulilisoma kwenye jina?"

Sabra akainamisha kichwa. "Hilo nilisema tu."

"Nyanyuka," alisema mama. "Pilau itatungoja. Tunashuka kwa mwenyewe sasa hivi."

Mannan aliwafungulia akiwa na macho mekundu. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja chembamba, jiko la umeme na kalenda ya duka la mboga. Gopal naye alikuwemo, ameketi sakafuni mbele ya sahani ya wali na samaki ambayo hakuna aliyeigusa. Bi Time alizungumza nao kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiarabu, lugha ya watu wote wa Doha, kisha akamsukuma Sabra mbele kwa upole.

"Mannan Bhai," alisema Sabra, "ni mimi niliyemwambia Anko Maurice. Nilisema Gopal ni mdogo wako kwa sababu mna babu mmoja anayeitwa Biswas. Na nikasema analala hapa. Nilikuwa sijui. Nisamehe."

Sabra alitamani Mannan agombe. Hakugomba. Aliketi kitandani, akacheka kidogo kicheko cha mtu aliyechoka.

"Babu yangu aliitwa Karim," alisema. "Biswas si mtu, binti. Ni neno. Kwa Kibengali, biswas ni imani, kumwamini mtu. Mwalimu wangu wa shule alitueleza kwamba lilitoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Zamani sana, watawala wa Bengali walikuwa wakiwapa watu cheo hicho, wale waliokabidhiwa kutunza mali ya serikali na kumbukumbu zake. Cheo kikashuka kwa watoto na wajukuu, kikawa jina la ukoo. Lakini waliopewa cheo walikuwa wengi, huku na huku, na hawakuwa ndugu."

"Tazama mimi," aliingilia Gopal. "Yeye Mwislamu, mimi Mhindu. Yeye wa Bangladesh, mimi wa India, wilaya ya Nadia. Wako na Wakristo wanaoitwa Biswas. Wako Kolkata, wako Assam, wako London."

Mannan akachukua simu yake ndogo ya vitufe, akaisogeza mbele ya Sabra na kubonyeza. Majina yakapita: Biswas wa winchi kule kisiwani The Pearl, Biswas wa shamba la Umm Salal, Biswas fundi mabomba, Biswas wa hospitali. Sabra alihesabu kumi na moja.

"Hawa wote wako hapahapa nchini," alisema Mannan, "na sina undugu na hata mmoja. Huyu Gopal nimemjua hapahapa, mlangoni. Nilimsikia anaongea kwenye simu, nikashtuka, maana anaongea kama watu wa kwetu. Kushtia na Nadia ni jirani, mpaka wa nchi umepita katikati. Basi yeye huja na samaki, mimi napika wali, tunakula katika saa yake ya mapumziko. Saa nane na nusu anarudi kwenye pasi. Maurice aliponiuliza, nilimwambia si ndugu yangu. Akasema namdanganya, kwa sababu mtoto hawezi kudanganya."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Sabra kuliko kofi. Baba akatoa simu, akampigia Maurice papo hapo. Maurice alikuwa na haraka. "Barua iko tayari, Athumani, Jumapili saa moja inasainiwa. Lakini kesho niko Umm Salal nakagua nyumba. Mkikuja, tutaongea."

Jumamosi asubuhi walikwenda wanne ndani ya gari: baba, Sabra, Mannan na Gopal. Njia nzima Sabra aliyarudia maneno yake kimoyomoyo, na kila aliporudia yalizidi kuwa mazito. Baba alimwambia jambo moja tu: "Mimi sitakusemea."

Maurice alikuwa amesimama kivulini kando ya ukuta wa nyumba mpya, daftari lake mkononi. Sabra akashuka kwanza.

"Anko Maurice, nilikudanganya." Alimtazama usoni. "Sikuwa najua kama ni ndugu. Nilikisia. Na sikuwahi kumwona Gopal analala pale, hata siku moja. Nilitaka tu uone kwamba najua. Mannan alikwambia kweli, mimi ndiye niliyesema uongo."

"Ai! Sabra!" Maurice alishika kiuno. "Unajua nimeandika nini kuhusu huyu mzee?"

"Najua."

Maurice akashusha pumzi ndefu. Akaomba vitambulisho, akaviweka sambamba juu ya daftari: huyu Bangladesh, yule India. Akamuuliza Gopal anakolala. Gopal akataja nyumba ya wafanyakazi wa dobi kule Najma, na namba ya tajiri wake. Maurice akapiga simu, akasikiliza, akauliza tena, akaitikia "sawa, sawa" mara nne. Sabra hakupepesa macho.

"Kila usiku yuko kwa nyumba yao, watu tisa, na mwenye duka anawajua wote," Maurice alisema alipokata simu. Akafungua nyuma ya daftari, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaichana vipande vinne. "Bosi hajaiona, na haitaiona meza yake. Mzee, rudi kazini. Na mimi pia niliharakisha. Ningegonga mlango wako nikaona kitanda ni kimoja, haya yote hayangefika hapa. Pole sana."

Mannan alifunika uso kwa viganja viwili, mabega yakawa yanacheza. Kisha akamshika Maurice mkono, akamshika baba mkono, akampigapiga Gopal mgongoni mpaka Gopal akakohoa, na wote wakacheka kwa nguvu kupita kichekesho chenyewe, kama watu wanavyocheka hofu inapowatoka. Mannan akajitenga pembeni na simu yake. Walimsikia akiongea Kibengali haraka haraka, na upande wa pili sauti ya msichana ikipiga kelele za furaha.

Sabra naye alilia, lakini safari hii ilikuwa raha. Ghafla akakumbuka kwamba tangu jana hajala kitu.

"Mannan Bhai amenisamehe?" alimuuliza baba yake.

"Kakusamehe tangu jana, kabla hujayafuta makosa yako. Usilizoee hilo." Baba akamwekea mkono begani. "Nisikilize, Sabra. Kukosea jina la watu si dhambi, hata mimi sikuwa najua habari za Biswas mpaka jana. Kosa lako lilikuwa kuziba kwa maneno yako mahali ambapo hukujua kitu. Mtu akikuuliza jambo usilolijua, mwambie sijui, mwambie akamuulize mwenyewe. Haikuvunjii heshima. Jana nimepekua kichwa changu chote, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyepoteza kazi kwa sababu mtoto alisema sijui."