Siku 299 Bila Kuzima

Fundi wa boila alikuwa amelala kifudifudi chini ya ngazi ya chuma, ngozi ya mgongo imebabuka kwa mvuke. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeng'ang'ania koleo la kubania. Inspekta alilitazama lile koleo, kisha akainua macho kwenye bomba lililopasuka.

Ukutani, juu ya maiti, palikuwa na ubao wa kituo cha umeme, ulioandikwa kwa chaki: SIKU 299 BILA KUZIMA.

"Uzembe wake mwenyewe," alisema mkuu wa zamu. "Alisinzia. Ripoti nimeshaandika."

"Marehemu ni nani wako?"

"Shemeji. Kamuoa dada yangu."

"Una mkono mwepesi, bwana. Maiti haijapoa, wino umeshakauka."

Inspekta aliomba daftari la zamu. Saa tatu: presha ya kawaida. Saa nne, mvuke ulipomuua mtu: kawaida. Saa tano, saa sita, hadi saa nane: kawaida.

Alitazama saa yake. Saa tano kasorobo.

"Saa nane umeiona wapi wewe?"

Mkuu wa zamu alifunika ukurasa kwa kiganja. "Afande, mashine hii haibadiliki. Watu walale, waamke, kuna umeme ambao mji hauachi kuula: hospitali, pampu za maji, majokofu. Kiasi hicho hakishuki kamwe, na hii ndiyo inayokibeba. Kwa hiyo mimi hujaza ukurasa mzima asubuhi. Mashine nyingine huwashwa na kuzimwa. Hii haizimwi."

"Sasa hivi inafanya kazi?"

"Bomba limepasuka, Afande. Imekufa."

Inspekta alinyoosha kidole darini. "Na hizi taa?"

Mkuu wa zamu alilifunga daftari.

"Nimekuuliza!"

"Mitambo ya umeme wa maji, kule bwawani, imepokea mzigo wa mji."

"Jana isingeweza kuupokea?"

"Ingeweza," alinong'ona. "Ni kuwapigia simu watu wa bwawani tu."

Inspekta alipiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka. Wakati huohuo sajini alishuka ngazi na mfuko wa ushahidi.

"Afande, vali ya usalama, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi, imefungwa kwa waya. Waya umekatwa nusu. Mkato unalingana na meno ya koleo."

"Msinziaji gani huyu anayekata waya?" Inspekta alimsogelea mkuu wa zamu. "Tutachukua alama za vidole. Njia ya mwongo ni fupi. Sema."

Yule bwana aliutazama ule waya.

"Niliifunga juzi. Ilikuwa inafunguka kila mara, mashine ingezimika. Kesho zingetimia siku mia tatu, Mkurugenzi angekuja kunivisha nishani. Shemeji alinisihi tuizime. Nikamcheka mbele ya wenzake: 'Hata birika la chai hutoa mvuke, mbona jikoni kwa dada hukimbii?' Akachukua koleo, akapanda kwenye vali."

"Kwa hiyo umemuua kwa ajili ya namba ya chaki. Kisha ukamzika kwa jina la mzembe."

Pingu zililia. Inspekta hakumpeleka kwenye gari. Alimshika kiwiko, akamvuta hadi getini, alikosimama mjane, macho yamevimba.

"Kaka," mwanamke aliuliza, "wanasema mume wangu alilala kazini. Kweli?"

"Mjibu," alisema Inspekta. "Kwa mdomo uleule."

Mkuu wa zamu alitazama mikono yake.

"Hapana, dada. Alikuwa anakata waya niliofunga mimi."