Siku Baraka Alipokatazwa Kucheka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chantal humwosha uso mdogo wake Baraka, kisha humwekea chai na kipande cha lituma, ndizi zilizopikwa na kupondwa. Kazi hii ya kumtunza aliianza akiwa na miaka minane. Wakati huo Baraka alikuwa mchanga, na mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka hadi puani, hata hakuweza kunyonya. Mama yao, aliyeitwa Mama Augustine kwa jina lake mwenyewe, alikamua maziwa kikombeni, naye Chantal akamnywesha mtoto kwa kijiko, tone kwa tone, huku mvua ikipiga mabati. Zilikuwa siku za taabu, lakini Chantal huzikumbuka kama mtu anavyokumbuka harufu ya nyumba aliyohama.

Asubuhi moja hawakwenda shule. Mwaka ulikuwa umepita tangu Daktari Katungu aushone mdomo wa Baraka, na sasa alitaka kuona umeponaje. Chantal alikuwa na hofu. Mdomo ulifunga vizuri, ila Baraka akicheka ulivutwa upande mmoja. Jirani mmoja alikuwa amesema, "Wakiona kasoro, watamukata tena." Chantal aliukumbuka mlango uliofungwa siku ya upasuaji, na kilio cha Baraka nyuma yake.

Kwa hiyo, mama yao alipokuwa akipatana na vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, Chantal alimvuta mdogo wake pembeni.

"Kwa dokta usicheke. Hata kidogo."

"Hata akinipa bonbon ya kunyonya?"

"Hata akikupa bonbon. Ni mtihani, Baraka. Ukifeli, wanakubakiza kule."

Hospitalini, Daktari Katungu alimkalisha Baraka karibu na dirisha. Alilichunguza kovu, akaligusa kwa kidole. Akamwambia apulize karatasi, nayo ikaruka. Akampa maji, na hayakumwagika.

"Bon, vizuri," akasema. "Sasa nichekee."

Baraka akakaza uso kama askari wa zamu.

Daktari akatoa ulimi, akavuta masikio yake mwenyewe. "Papa mdogo, nimekukosea nini?" akamtania.

Baraka akazidi kubana midomo.

"Dokta, huyu mutoto nyumbani anacheka mpaka anamwaga chakula," Mama Augustine akasema kwa mshangao. "Leo sijui iko na nini."

Daktari akachukua kalamu. "Pengine misuli ya mdomo haifanyi kazi. Itabidi abaki, tumpime zaidi."

Midomo ya Baraka ikaanza kutetemeka. Akamtazama dada yake.

"Mimi nilimkataza," Chantal akasema. "Akicheka mdomo unaenda upande. Niliogopa mtamkata tena."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi wewe uliyemfunga, mfungue."

Chantal akapiga magoti, akavimbisha mashavu, akalia kama bata mwenye mafua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimchekesha tangu utotoni. Baraka alijizuia, akashindwa, na kicheko kikamtoka chote. Mdomo ukavutwa kushoto. Kwa kitambo kidogo Chantal aliona ndani yake kicheko cha zamani, kile kipana kilichofika puani. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba alikuwa akikikumbuka.

Daktari akalibonyeza kovu polepole. "Limekaza hapa tu. Halihitaji kisu."

"Kwa hiyo hakufeli?" Chantal akauliza.

"Mtihani wa leo haukuwa wake, mwanangu, ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyeshona. Ukinificha palipokaza, mtoto atakayeletwa wiki ijayo nitamshona vilevile. Mbele ya anayekutibu sema ukweli wote, hata ule unaokuogopesha, kwa sababu huo ndio unaomwonyesha pa kuweka mkono." Kisha akamgeukia Mama Augustine. "Kovu likandwe kwa mafuta asubuhi na jioni. Taratibu, bila haraka. Nani ataifanya kazi hiyo?"

"Mimi," Chantal akasema, kabla mama yake hajafungua mdomo.