Bawaba Iliyochomelewa

Jioni mkunga aliikunja baiskeli yake na kuisukuma uvunguni mwa kitanda. Alfajiri akaikuta imesimama mlangoni, imekunjuka, nati zote zimekazwa.

"Umeitoa wewe?" alimuuliza mumewe.

"Labda imechoka kulala," alisema mume, fundi wa kuchomelea, mtu asiyeishiwa mzaha.

Ilikuwa baiskeli ya jeshi. Zamani askari walizikunja baiskeli kama hizo katikati wakaruka nazo kutoka kwenye ndege. Vita vilipokwisha ziliuzwa mnadani, raia wakazigombania, maana zinaingia hadi chumbani na mwizi akabaki kumeza mate. Mkunga aliipenda yake. Wajawazito wa mtaa mzima walitulia wakisikia kengele yake.

Siku ya pili ikakunjuka tena, chumba kikanuka mafuta ya bunduki na turubai bichi. Kisha mchana kweupe, wakiwa mezani, wakasikia bawaba ya baiskeli ikilia chumbani, taratibu, kama mtu anayenyoosha goti lililokufa ganzi.

Mkunga aliweka kijiko chini. "Mume wangu, tuiuze."

"Tumuuzie nani balaa? Dawa ya bawaba ni moto."

Akaipeleka karakanani, akaichomelea pale inapokunjikia, akaupiga mshono msasa mpaka ukang'aa, akairudisha chumbani. Alijiona kidume. Laiti angeuliza kwanza! Lakini fundi amuulize nani habari za chuma?

Jioni hiyo mkewe aliinama kuokota nguo, asiinuke tena. Paji la uso liligusa magoti, mgongo ulikuwa umekunjika katikati, na pumzi ilimtoka kwa vipande.

Fundi alimwita shangazi yake, aliyezoea kutibu wenye majini. Bibi yule aliinusa baiskeli, akakataa kiti.

"Nani kakwambia uichomelee?" alinong'ona.

"Ilikuwa inakunjuka yenyewe, shangazi."

"Jini lilikuwa linajinyoosha tu. Makao yake yalikuwa kwenye kile kiungo. Umelifungia mlango, mwanangu, limehamia kiungo kingine. Fungua ulipofunga, upesi, kabla pumzi haijamwisha."

Fundi alishika msumeno wa chuma. Alipovuta mara ya kwanza, mkewe aliguna pale sakafuni. Alipovuta tena, mstari wa damu ulitokeza mgongoni mwa gauni lake, umenyooka sawasawa na mshono ule.

"Endelea," shangazi alimsihi. "Ukiacha hapo hatapona."

"Nikiendelea nitamkata, shangazi. Ni mke wangu."

Akautupa msumeno. Nani angeweza?

Alimpakia mgongoni, jinsi alivyojikunja, akatoka mbio kumwahisha hospitali, shangazi akimng'ang'ania shati na kunong'ona kwamba usimbebe hivyo, mwanangu, usilipe jini mgongo wako, lakini yeye hakusikia ila ile pumzi ya vipande sikioni mwake, akakimbia akipita maduka na watu waliokuwa wakimpisha, na mzigo ukazidi uzito hatua kwa hatua mpaka si uzito wa mwanamke tena, na harufu ya turubai bichi ikamjaa puani, na sauti nzito isiyo ya mkewe ikamwambia kwa upole, "Mgongo mzuri, askari. Usinitue."

Hospitali ilikuwa kushoto. Fundi aliiona taa yake, akalia akiomba, lakini miguu yake ikakata kulia, kwa mwendo wa gwaride, kuelekea nje ya mji. Mikono ya mkewe iliyomkumbatia shingoni ilikuwa imeanza kupoa.